Motokari gani ndiyo mpya?

Hapa Lubumbashi motokari yenye miaka kumi na mitano huitwa mpya, na yenye miaka mitatu huitwa okazyo. Anayedhani natia chumvi apite Jumamosi kwenye viwanja vya wauza motokari, aulize mwenyewe. Ataoneshwa Toyota IST iliyoingia juzi kupitia Kasumbalesa, rangi inang'aa, viti bado vimevikwa plastiki, na komisyonere atamwambia bila kupepesa macho: "Iko mupya hii, papa, haiyatembea hapa." Hatua tatu pembeni imesimama motokari nyingine ndogo, iliyonunuliwa hapa hapa mjini katika duka la motokari mpya. Mwenyewe ni mmoja tu tangu mwanzo, usukani uko kushoto, kitabu cha matengenezo kimo ndani. Kuhusu hiyo komisyonere yule yule atapunguza sauti: "Ile ni okazyo, ilisha kutembea sana."

Maoni yangu ni haya. Familia ya mshahara inayosita kati ya motokari ndogo mpya kabisa na nyingine iliyo karibu mpya, ichukue hiyo ya pili. Tena ichukue ile iliyotumika miaka miwili mitatu hapa kwetu, iache ile iliyozeekea ng'ambo ikaletwa kwetu kwa jina la mpya. Na kinachotuzuia kuiona, mara nyingi, ni neno lenyewe.

Wenzetu wa fakulte ya uchumi wangeanza na bei. Mimi nasoma lugha za Kiafrika, kwa hiyo naanza na neno. Bei itafuata, maana bila bei hoja hii ingebaki ndani ya oditwari.

Tulitazame shina -pya jinsi tunavyolitumia kila siku. Mwalimu mpya anaweza kuwa na miaka sitini. Mtoto anayepewa suruali ya mkubwa wake hukimbia kwa jirani kusema ana suruali ya mupya, wala hakuna anayemwita mwongo. Mwezi mpya ni mwezi ule ule wa siku zote. Katika mifano yote hii neno halitaji umri wa kitu. Linataja kufika kwake, yaani tangu lini kitu hicho kipo mbele ya huyu anayesema. Kibemba na Kiluba wana shina hili hili, na nilipowauliza wenzangu wanaozizungumza lugha hizo, matumizi hayakuwa mbali na yetu. Mwenzangu wa chumba, ambaye ni Mluba wa Kasai, aliniambia kwamba kwao neno hurudiwa, mupiamupia. "Lakini hata tukilirudia mara nne," akasema, "injini haiongezewi maisha."

Kwa hiyo komisyonere, kwa upande wa semantiki, hadanganyi. Motokari yake ni mpya kwetu. Anayejidanganya ni mnunuzi, ambaye anasikia neno la kufika na kulipokea kama neno la umri.

Okazyo nayo imesafiri. Kwa Kifaransa, kila motokari iliyowahi kuwa na mwenyewe mwingine ni okazyo, iwe imetoka Ubelgiji, Japani au Katuba. Katika midomo yetu neno limepungua maana. Ukilisema peke yake, linamaanisha iliyochoshwa hapa. Ukitaka kulisafisha, unaliongezea mkia: okazyo ya Ulaya. Hapo matusi yamegeuka sifa, na bei imepanda. Nimesikia hata watu wawili wakibishana kwamba motokari fulani haiwezi kuitwa okazyo kwa sababu "imetoka Dubai".

Sasa tuingie kwenye pesa.

Yaya yangu ni muuguzi wa zamu ya usiku. Anatoka kazini alfajiri, na kwa miaka yote hiyo amerudi nyumbani nyuma ya pikipiki, mvua na vumbi, na mara mbili ameanguka. Kwa muda wa miaka minne aliweka pesa katika likelemba ya wauguzi wenzake, na shemeji yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, akaongeza ya kwake. Mwanzoni mwa mwaka huu walikuwa na dola 10,500. Hawatazipata tena pesa za namna hiyo kabla watoto hawajamaliza shule. Waliniita niwasindikize kwa sababu, kwa maneno ya yaya, "wewe uko mutu ya makaratasi". Hiyo ndiyo faida ya isimu ambayo familia yangu inaitambua.

Baada ya wiki tatu za kuzunguka zilibaki motokari tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya kabisa, ndogo, milango mitano, kilomita sifuri, dola 16,800. Ya pili ilikuwa IST "mpya" kutoka Japani, dola 6,700 pamoja na duane na plake. Ya tatu ilikuwa ndogo pia, miaka mitatu, kilomita 48,000, mwenyewe mhasibu aliyekuwa akihamia Kolwezi ambako kazi ingempa motokari nyingine. Alitaka dola 9,900.

Yaya alipenda ile ya kwanza, na namwelewa. Motokari mpya kabisa haina historia ya kuchunguza. Hakuna aliyeigonga, hakuna aliyeiendesha bila mafuta ya injini. Ina garanti. Ina usukani upande unaotakiwa na nchi hii. Na tusijifanye watakatifu: ina harufu yake, na kwa mtu aliyepanda pikipiki miaka kumi harufu ile si kitu kidogo. Asiyeheshimu jambo hilo hajui kwa nini watu hununua motokari.

Lakini zilikosekana dola 6,300. Benki ilikuwa tayari kuzitoa, na hesabu waliyotuandikia kwenye karatasi ilikuwa karibu dola 228 kila mwezi kwa miezi 36. Ukizidisha, unapita dola 8,200. Ukijumlisha na akiba yao, motokari ya dola 16,800 inakuwa ya dola 18,700, kabla hujalipa asiransi na kabla hujaweka mafuta. Dola 228 kila mwezi katika nyumba ya muuguzi na mwalimu, ambako mshahara mmoja una mazoea ya kuchelewa, maana yake ni kwamba mwezi ukiharibika ada ya shule ndiyo itakayongoja.

Garanti nayo isomwe vizuri, kwa sababu ni maandishi, na maandishi ndiyo kazi yetu. Kwa kawaida inakulinda dhidi ya kosa la kiwanda, sio dhidi ya barabara. Shokasoba zilizouawa na mashimo, tairi, breki zilizolika, hivyo ni vyako. Tena inakutaka ufanye matengenezo yote kwa aliyekuuzia, kwa bei yake na kwa tarehe zake. Nimewauliza watu watano wa mtaani kwetu waliowahi kununua motokari mpya. Watatu waliivunja garanti yao mwaka wa pili kwa kwenda kwa mekanisie wa barabarani, kwa sababu ya bei.

Kisha kuna adhabu ambayo neno letu linampa mwenye motokari mpya kabisa kuliko mtu yeyote. Siku ile anapoitoa dukani, akaingia nayo njia ya Kasapa, imekwisha kutembea hapa. Jioni ile ile, kwa lugha ya kiwanjani, ni okazyo. Mhasibu wetu aliniambia alinunua yake kwa bei iliyokaribia sana ile ya dola 16,800. Miaka mitatu baadaye anaomba 9,900. Tofauti ni dola 6,900, yaani karibu dola 190 kila mwezi, na pesa hizo amekwisha kuzilipa yeye. Motokari imebaki na sehemu kubwa ya maisha yake. Kilichoondoka haraka zaidi kuliko maisha hayo ni jina. Kama soko linalipunguzia jina bei kuliko chuma, mwenye pesa kidogo anunue chuma.

Aliye na pesa zote mkononi, asiyekopa, na anayekusudia kuiweka motokari yake miaka kumi, huyo anunue mpya kabisa na Mungu amlinde njiani. Simwandikii yeye.

Tuje kwenye ile "mpya" ya pili, kwa maana ndiyo inayonunuliwa zaidi na ndiyo itakayoniletea ugomvi.

Kwanza sifa zake, nazo ni za kweli. IST, Vitz na ndugu zao ni motokari zinazofahamika hapa mpaka na watoto. Injini ya 1NZ-FE, lita moja na nusu, inaendeshwa kwa mnyororo wa chuma ndani yake badala ya mkanda wa kubadilishwa kila mara, na injini hiyo hiyo utaikuta ndani ya Probox na ndani ya motokari nyingine nyingi za Toyota. Kipande chochote unakipata sokoni, kipya au kilichotumika, na mekanisie anaifungua huku akizungumza mambo mengine. Familia yenye dola 7,000 tu na isiyo na njia nyingine ichukue hii, sitaicheka. Ila iichukue kwa jina lake.

Tatizo la kwanza ni usukani, au volan kama tunavyosema. Motokari ya Japani imetengenezwa kwa nchi ambako watu hupita kushoto. Inashuka Dar es Salaam, ambako pia hupita kushoto. Inapanda mpaka Tunduma, inaikata Zambia nzima, kushoto vile vile. Karibu kilomita 2,000 usukani wa kulia uko nyumbani kwake. Unavuka mpaka wa Kasumbalesa, na kuanzia hapo dereva ameketi upande wa mtaro wakati barabara iko upande wa pili. Mjini utazoea. Lakini nenda Likasi, kilomita 120, nyuma ya lori la madini, ujaribu kulipita. Anayeona mbele ni abiria. Ni yeye anayekuambia "pita" au "ngoja", na maisha ya nyumba nzima yanategemea kama hajasinzia. Shemeji ana mama yake Likasi. Wangekwenda kila mwezi. Hata mjini, abiria wa mbele anayeshuka hufungua mlango katikati ya barabara. Serikali imewahi kutangaza kuzizuia motokari hizi, bado tunaziona. Mimi sijadili sheria, najadili nani ameketi wapi lori linapotokea.

Tatizo la pili ni umri, na hapa napenda kukaa kidogo kwa sababu ni suala la kusoma.

Toyota ilianza kuitengeneza IST mwaka 2002 na ikaacha mwaka 2016. Kwa hiyo hakuna IST ya 2018, wala ya 2019. Hiyo IST "mpya" iliyo changa kuliko zote duniani ilitoka kiwandani kabla wengi wetu hatujafanya mtihani wa Serikali. Tuliyooneshwa ilikuwa na kibandiko cha "2017" kwenye kioo. Nilimwuliza komisyonere kwa upole, akajibu kwamba huo ni mwaka iliotoka Japani. Bado neno la kufika, hata katika tarakimu!

Motokari zilizotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani hazibebi ile namba ya alama 17 tunayoikuta kwenye motokari za Ulaya. Zina namba fupi ya fremu, kwa mfano inayoanza na NCP60, na ndani yake mwaka haumo. Ukiichambua kama tunavyochambua neno, N inataja familia ya injini, CP inataja jukwaa, 60 inataja aina. Hakuna kiambishi cha wakati! Mwaka lazima uutafute kwingine, kwenye karatasi za Kijapani, na hizo zina mtego wake. Wajapani huhesabu miaka rasmi kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989. Karatasi ikiandika Heisei 20, au H20, huo ni mwaka 2008. Nimekutana na muuzaji aliyeweka kidole juu ya hiyo 20 na kusema, "Si unaona, elfu mbili na ishirini." Sidhani hata kama alijua anachosema. Karatasi ilikuwa kimya kwake kama ilivyokuwa kimya kwa wanunuzi wake.

Asiyejua herufi hata moja ya Kijapani bado ana pa kusoma. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, chini kabisa kuna kitambaa kidogo chenye lebo, na mara nyingi tarehe ya kutengenezwa imeandikwa hapo. Mkanda haubadilishwi ovyo. Tazama tairi: tarakimu nne za mwisho ndani ya duara refu ni wiki na mwaka, 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi hubadilishwa, ndiyo, lakini tairi ya akiba mara nyingi imesahaulika tangu kiwandani. Kilomita za kwenye dashibodi usizipe uzito sana peke yake. Hizo hurudishwa nyuma, na kila mekanisie anajua nani anazirudisha.

Watu hujiuliza kwa nini Mjapani aiuze motokari nzuri. Sababu mojawapo inajulikana: kwao motokari mpya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama, kwa hiyo wengi huona heri kuuza. Hii inaeleza kwa nini nyingi hutoka Japani zikiwa na hali nzuri. Haielezi ilikuwa wapi baada ya hapo.

Inabaki ya tatu, ile ya mhasibu, ambayo hakuna aliyetaka kuisifu.

Pingamizi dhidi yake si la kijinga, na nalitaja kwa nguvu yake yote. Barabara zetu zinaua. Mwaka mmoja wa kwenda Ruashi na kurudi wakati wa mvua si mwaka wa mji wa Japani. Vumbi la kiangazi huingia mpaka kwenye kichujio cha hewa, na mafuta ya kwenye madumu si ya kuaminika. Kwa hiyo watu wanaposema "ilisha kutembea hapa", wanasema jambo wanalolijua kwa mgongo wao. Mekanisie tuliyemwomba aikague alikuta shokasoba mbili za mbele zimekwisha, na raba za chini zimelegea. Alitaka dola 260 kutengeneza vyote.

Dola 260! Hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Madhara ya barabara zetu yako chini ya motokari, yanaonekana kwa tochi, yana bei, na yanatengenezwa mchana mmoja. Madhara ya miaka isiyojulikana yako ndani, hayaonekani, na bei yake utaijua ukiwa katikati ya njia. Kati ya ubaya niujuao kwa jina na ubaya usio na jina, sioni ugumu wa kuchagua.

Zaidi ya hapo kuna ushahidi. Katika kozi ya utafiti wa nyanjani tunafundishwa kumtafuta msemaji mwenyewe, kumsikiliza nyumbani kwake, kulinganisha maneno yake na ya jirani yake, na kutomtegemea mkalimani anayelipwa kwa kila sentensi. Komisyonere ni mkalimani anayelipwa kwa kila sentensi. Mwenye IST wa kwanza yuko Japani, hatutamwuliza kitu. Mhasibu tulimkuta kwake. Tuliona anapoegesha motokari, chini ya paa, na sakafu haikuwa na tone la oili. Mke wake alitueleza, bila kuulizwa, juu ya siku waliyogonga ukuta wa lango kwa nyuma; mume hakuwa ameitaja bado, akacheka, akatuonesha. Kitabu cha matengenezo kilikuwa na mihuri sita. Mekanisie wake alikuwa mtaa wa pili, akatwambia tarehe aliyobadilisha breki, na tarehe ililingana na risiti. Hiyo ndiyo ninayoiita motokari karibu mpya: ambayo maisha yake yote mafupi yana mashahidi wanaoweza kufikiwa kwa miguu.

Walimlipa 9,600 baada ya kuelewana juu ya shokasoba. Zikabaki 900: 260 za mekanisie, nyingine za asiransi na karatasi za kubadilisha mwenyewe. Hakuna deni.

Jirani yetu, mtu mzuri sana, alikuja jioni kuitazama. Yeye ana Vitz ya mwaka 2007, usukani kulia, aliyoinunua mwaka jana. Aliizunguka ya yaya mara mbili, akapiga tairi kwa mguu, akasema kwa huruma ya kweli: "Sasa mulinunua okazyo? Si mungengojea kidogo mupate ya mupya kama yangu?" Yaya alimkaribisha chai. Mimi niliandika sentensi ile kwenye daftari langu, maana sitapata mfano bora wa mtihani wa semantiki.

Kuna jambo moja ambalo fakulte hii inaweza kulifanya, na nalipendekeza kwa walimu wa kozi ya istilahi. Karatasi ya mauzo ya motokari hapa mjini huandikwa kwa Kifaransa, mistari minne au mitano, mara nyingi imenakiliwa kutoka karatasi nyingine. Muuzaji na mnunuzi huzungumza Kiswahili tangu salamu hadi kuhesabu pesa, halafu hutia sahihi juu ya maneno ambayo hayakutajwa kati yao. Tuandike ukurasa mmoja wa Kiswahili, unaosomeka Kenya na Kamalondo bila kamusi, utolewe bure kwenye viwanja na kwenye ofisi za mitaa. Uwe na nafasi za kujaza: mwaka wa kutengenezwa, na umeuona wapi, mwaka wa kuingia Congo, wenyewe wangapi kabla ya huyu, usukani upande gani, kilomita, na nani anazishuhudia, iligongwa wapi. Neno mpya lisitumike humo mahali popote. Kama lazima litumike, liulizwe: kwa nani?

Watatu kati yetu wa mwaka wa mwisho tumekwisha kuanza orodha ya maneno. Tumekubaliana juu ya mengi, hata juu ya okazyo, ambayo tumeamua kuirudishia maana yake pana. Tumekwama kwenye hii ya yaya, ya miaka mitatu. "Karibu mpya" ni ndefu na inanukia tafsiri. Mimi napendelea motokari changa. Mwenzangu anasema changa ni kitu kisichoiva bado, na hakuna atakayelipa dola 9,600 kwa kitu kibichi. Mwenye neno bora alilete kwenye sanduku la jarida kabla ya mwisho wa mwezi.